Meno ya Mama Mkwe

Aliyeamuru meno ya kifaa kile yasagwe ni Mkurugenzi. Fundi alishika grainda, mimi nilikuwapo, na baharia Shaweji ndiye aliyeadhibiwa. Lakini amri ilitoka kwa Mkurugenzi wa karakana yetu ya vifaa saidizi ya Mikocheni, akiwa na akili timamu, akiwa ameshakunywa chai, na kwa sauti iliyosikika mpaka getini. Naliweka jambo hili mwanzo kwa sababu nimetumikia umma maisha yangu yote ya kazi, na najua kwamba jina la mhusika likichelewa kutajwa, kosa lake hugeuka kuwa "changamoto".

Ninyi mliobaki kitengoni mliniomba niandike niliyoyaona tangu siku ya kwanza. Naandika. Vyeo sitavigusa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Siku ya kwanza niliripoti nikiwa afisa tawala mpya, nimevaa viatu vilivyonibana, nikidhani nimepelekwa kusimamia mafaili. Karakana ilikuwa katikati ya kiwanda cha magodoro na nyumba ya bwana mmoja mfuga mbwa. Upande mmoja watu walishona sponji, upande wa pili mbwa walibweka, na sisi katikati tulikereza vyuma. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Bi Mwanahawa, mzaliwa wa hapa hapa Dar es Salaam, aliyehamia kwetu kutoka hospitali ambako kazi yake ilikuwa kuwarudishia watu nguvu za viungo. Alinipa mkono, nami nikampa wangu, nikitarajia kurudishiwa.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje? Umetoka wapi asubuhi hii?"

"Tegeta, mama."

"Tegeta! Na foleni ile? Wazazi hawajambo? Wako huko huko au wako kwenu kusini?"

Niliyajibu yote, na mkono wangu bado anao. Alipouachia, alinitazama kama mtu aliyemaliza kusoma gazeti. "Kidole gumba chako kinachoka mapema," alisema. "Wewe unafua kwa mkono, tena mashuka."

Nilikuwa nafua mashuka. Nilikasirika kidogo, maana hayo si mambo ya kumwambia afisa tawala siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi, na nataka ieleweke vizuri, kwa kuwa vijana wa siku hizi mnaipita mbio. Tulikuwa na mashine ya kupimia nguvu ya kiganja: unaiminya, mshale unapanda, namba inasomeka. Kwa mwenye kuhitaji gongo au kiti cha magurudumu ilitosha. Kwa mabaharia haikufaa kitu. Baharia akiona mashine anaona mtihani, na akifeli anaogopa kuteremshwa chomboni. Kwa hiyo hubana pumzi, hukaza shingo, macho yakamtoka, na mshale hupanda mpaka unamwonea haya. Mmoja aliiminya hadi springi ikakatika, kisha akashindwa kufungua chupa ya maji aliyopewa kwa pongezi. Bi Mwanahawa aligundua kwamba mtu anayejibu salamu hawezi kubana pumzi. Aseme "watoto hawajambo" na huku amekaza mkono? Atalegea tu. Kwa hiyo aliwasalimu, salamu ndefu za pwani zisizo na haraka, na akawa anasikiliza kwa kiganja ni wapi mkono unakata tamaa.

Mabaharia wenyewe hawakuwa katika mpango wa kitengo. Wa kwanza alikuja kumsindikiza mama yake aliyehitaji gongo. Bi Mwanahawa alimsalimu kijana yule kwa adabu ya kawaida, kisha akamwambia mama, "Wewe kaa pembeni kidogo. Mgonjwa ni huyu." Kuanzia hapo walianza kuja, mmoja akimleta mwingine, wote wakidai wamepita tu njia.

Tulianza kwa kukosea, na makosa yale nayaheshimu kwa kuwa yalikuwa ya watu wanaofanya kazi. Kifaa chetu cha kwanza kilikuwa glovu yenye ndoano. Kilishika kamba vizuri mno. Tatizo ni kwamba hakikujua kuachia, na baharia aliyekijaribu alitembezwa sitahani na kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani, huku wenzake wakimpigia makofi. Ninyi mnaochora vifaa kwenye kompyuta, kumbukeni glovu ile. Kifaa cha mkono dhaifu kipimwe kwanza jinsi kinavyoachia, na kiachie kwa kiwiko, goti au kifua; vidole visiulizwe chochote.

Vishikio tulijifunza kuvichukulia umbo kwa donge la unga wa chapati. Udongo wa mfinyanzi unataka nguvu, na aliye na nguvu hakuja kwetu. Unga uliokandwa na mafuta kidogo hupokea hata mkono ulio dhaifu kabisa na kubaki na alama ya kila kidole. Donge likishakauka, Fundi Likwata alilitazama na kuchonga kishikio cha mti kinacholingana nalo. Likwata alitoka katika familia ya wachonga vinyago wa Mtwara, akasomea ufundi wa vyuma, na hakuacha kulalamika kwamba chuma hakina harufu. Njia hiyo ilikuwa nzuri, isipokuwa mara moja ambapo mlinzi wetu alikuta kiganja cha nahodha mmoja mezani, akakikaanga, akala. Nahodha alirudi kupimwa upya, nasi tukamwambia kuna hitilafu ya kitaalamu.

Ndipo akaja Shaweji wa Mtoni, Temeke. Alikuwa baharia wa chombo cha mizigo kinachopeleka bidhaa visiwani, na kazi yake ilikuwa kushika kamba ya kapi wakati wa kupakia na kupakua: mzigo ukining'inia juu ya vichwa vya watu, aliyeushikilia ni yeye. Waya ulikuwa umemkata mishipa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kidonda kilipona, nguvu haikurudi. Alificha kwa kujifunga kamba kiunoni, jambo ambalo ni njia ya uhakika ya kuzikwa baharini.

Bi Mwanahawa alimpa mkono.

"Habari za Temeke?"

"Nzuri, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

"Ananijua?"

"Hakujui, ila ana adabu."

"Na watoto?"

Hapo mkono ulilegea. Hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliona vidole vikiteleza.

"Umeniacha kwenye watoto," alisema Bi Mwanahawa. "Mabaharia wenzio huniacha kwenye wakwe."

"Kwa wakwe mie sifiki, bibi. Hata nikiwa mzima nilikuwaga sifiki." Alicheka, kisha akaacha ghafla na kunigeukia mimi mwenye kalamu. "Mama Tekla, usiandike hivyo, nakuomba. Nahodha akijua, kesho niko Tandika napanga nyanya. Na nyanya zenyewe sizijui. Mie najua kamba tu."

Nilimjibu kwamba nitaandika ukweli, na kwamba chini ya ukweli huo nitaandika pia kifaa tutakachomtengenezea, ili asomaye asiishie njiani. Hakuridhika, lakini alirudi.

Kilichopatikana kilikuwa taya mbili za chuma zinazofungwa kwenye ubavu wa chombo, kila moja na safu ya meno. Kamba ilipita katikati yake. Ukivuta kuelekea kwako, taya zilifunguka na kamba ikaja. Mzigo ukivuta kurudi, taya ziliuma. Kuachia, ulibonyeza wenzo kwa kiwiko. Mkono haukubeba uzito. Ulikuwa unaongoza tu. Meno Likwata aliyakata kwa tupa, moja moja, akiyainamisha upande mmoja ili yashike kamba bila kuila. Nilikisajili kwa jina la Kifaa Saidizi cha Kudhibiti Kamba, Aina ya Pili, Aina ya Kwanza ikiwa ile glovu ya mnadani.

Tulikijaribu Mbweni, kwenye ufuo, kwa fremu ya mbao na magunia ya mchanga, mbele ya wenye nyumba mpya waliodhani tunajenga bila kibali. Shaweji alivuta gunia juu, akaiachia kamba kabisa, akainua mikono yote miwili kama mtu anayekamatwa. Gunia halikushuka. Akalizunguka. Akalipiga teke.

"Huyu ni mama mkwe!" alipiga kelele. "Akishashika haachii mpaka umguse kwa heshima!" Akabonyeza kwa kiwiko, gunia likashuka polepole. "Umeona? Heshima."

Mimi niliendelea kuandika Aina ya Pili. Bandarini kote kikaitwa Mama Mkwe, na barua za maombi zilikuja zikisema, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba mwombaji anahitaji mama mkwe haraka iwezekanavyo.

Kwa miaka kadhaa Shaweji alifanya kazi yake bila kuficha chochote, na wengine waliokuwa na mikono kama wake wakafungiwa vifaa vyao kwenye vyombo vyao. Bi Mwanahawa alistaafu katika kipindi hicho. Nafasi yake ilitangazwa, ikasubiri, kisha ikafutwa kwenye muundo, kwa hoja kwamba salamu si taaluma.

Halafu tukaletewa Mkurugenzi mpya. Sina ugomvi naye binafsi. Alivaa vizuri, alifika mapema, na alipenda sana neno "mwonekano". Aliagiza karakana ipakwe rangi kabla ya kuuliza inatengeneza nini. Alipojua, alifurahi, maana alikuwa na maonesho ya kupeleka kitu.

Kwenye banda letu la maonesho, Mama Mkwe alifungwa juu ya meza yenye kitambaa cha satini, kamba nyeupe mpya ikapitishwa mdomoni mwake. Nilipendekeza Shaweji aje kuonesha. Mkurugenzi alisema mabaharia hawana mwonekano. Alionesha mwenyewe. Mgeni rasmi alipofika, aliinama kuangalia meno kwa karibu, na alipoinama tai yake ikaning'inia katikati ya taya. Alipoinuka, tai ikavutwa upande ule ambao Mama Mkwe huuma.

Akauma.

Mgeni rasmi alibaki ameinama mbele ya kamera kama anayeswalishwa na meza. Mkurugenzi alishika tai kuvuta, ambacho ndicho kitu kimoja tu kisichotakiwa kufanywa, na kila alivyovuta ndivyo taya zilivyokaza. Niliomba radhi kwa waheshimiwa, nikapita katikati ya walinzi, nikabonyeza wenzo kwa kiwiko. Mgeni rasmi alijinyoosha, akajishika shingo, akacheka mpaka akatoa leso. "Sasa huyu anafanya kazi kweli!" alisema. Yeye alielewa kifaa kuliko mwenye banda.

Mkurugenzi hakucheka. Asubuhi iliyofuata alisimama uani pale karakana, mbele yangu na Fundi Likwata, na kusema maneno haya: "Meno yote yasagwe. Kifaa kiwe laini. Kirudishwe kila kilichotoka, kisagwe, kipakwe rangi."

"Mheshimiwa," Likwata alisema, "bila meno hakishiki."

"Kitashika. Kaza springi."

"Springi haishiki kamba yenye maji. Kamba ikilowa inateleza kama kambale."

"Fundi, mimi sikukuuliza habari za samaki."

Nilipinga kwa mdomo hapo hapo na kwa maandishi mchana ule. Faili lilirudi na neno moja: "Imeonekana." Kwa wale walioanza kazi juzi, maana yake ni kwamba limesomwa, limeeleweka, na halitafanyiwa chochote. Likwata alisaga. Alikuwa na familia na amri ya mkubwa wake, na ninyi mnaojiona mngekataa, subirini zamu yenu. Vifaa vikarudi vyomboni vikiwa na rangi ya buluu na kibati kilichoandikwa "Toleo Lililoboreshwa".

Shaweji alipokea chake, akapitisha kidole ndani ya taya.

"Mama Tekla, mmemfanyaje mama mkwe? Mbona kibogoyo?"

Nilimwambia wazi asikitumie. Alinijibu kwamba nahodha ameshaambiwa kimeidhinishwa na wataalamu, na kwamba bila kifaa kilichoidhinishwa yeye haruhusiwi kusimama kwenye kapi kabisa. Mniambie ninyi alipaswa kufanya nini.

Siku ajali ilipotokea kulikuwa na manyunyu, kamba imelowa. Walikuwa wakipakia jokofu kubwa la soda. Lilipofika juu, kamba ikateleza ndani ya taya zile laini. Shaweji aliidaka kwa mikono yote miwili na kuing'ang'ania, wenye nguvu na usio na nguvu, mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba. Jokofu likaangukia kati ya chombo na gati, likapiga ukingo, likazama. Mchukuzi mmoja alikuwa amesimama chini yake muda mfupi tu kabla, akawa ameondoka kwenda kuomba kiberiti. Sigara ilimwokoa mtu, na hilo nalo si jambo la kuweka kwenye mabango yetu.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Ilihitaji mtaalamu wa vifaa saidizi, ikamteua Mkurugenzi. Niliomba kutoa maelezo, nikajibiwa kwamba afisa tawala hana utaalamu wa kiufundi. Likwata hakuitwa. Kifaa hakikuwekwa mezani. Walichokileta mezani ni ile mashine ya kupimia kiganja, wakampa Shaweji aiminye, bandeji zikiwa ndiyo zimetoka kufunguliwa.

Alikuja kunieleza nyumbani Tegeta, viganja vimegeuzwa juu mapajani kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji ya kunawa.

"Nilikuwa najua kuidanganya ile mashine," alisema. "Unabana pumzi tu. Safari hii sikubana, Mama Tekla. Nikasema ngoja waone mkono ulivyo kweli, ili waelewe kwamba kazi ya kushika ilikuwa ya chuma, si ya mie. Nilidhani wanachunguza kifaa. Kumbe wananichunguza mie."

Kamati ilihitimisha kwamba chanzo cha ajali ni udhaifu wa mkono wa mtumiaji. Someni tena kwa utulivu. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mkono dhaifu kimeshindwa, na sababu ya kushindwa kwake ni kwamba kilikabidhiwa kwa mwenye mkono dhaifu. Kwa hoja hiyo gongo likivunjika tumlaumu mguu. Cheti chake cha ubaharia kikasimamishwa, na hajapanda chombo tangu siku hiyo.

Nahodha wake alifika kwangu pia, bwana mpole mwenye sauti ya kuita watu wakiwa mbali. "Mama, shikamoo. Shaweji mie nampokea hata leo," alisema, na majirani wote wakajua. "Mtu aliyeshika kamba mpaka akaunguza mikono, nimwache wa nini? Lakini ripoti ikisema mkono ndo mbovu, getini hawampitishi. Waifute hiyo sentensi tu."

Sentensi moja. Hicho ndicho kinachomzuia mtu asile kwa kazi anayoijua.

Nilistaafu baadaye kidogo. Nilifanyiwa hafla, nikapewa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Katika hotuba yake Mkurugenzi alinisifu kwa kuwa mtunzaji makini wa kumbukumbu. Nilimshukuru, na nilipopewa nafasi ya kusema nilisema yote haya, nikiwa na kisu cha keki mkononi, jambo ambalo baadhi ya wajumbe walilitafsiri vibaya. Muziki uliongezwa sauti. Likwata, aliyekaa nyuma na soda yake, alisimama na kusema kwa sauti, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyesaga, na yeye ndiye aliyeniambia." Walimpa keki.

Kwa hiyo naandika hapa ambapo muziki hauwezi kuongezwa.

Nadai, kwa heshima zote na bila kupunguza neno, kwamba kamati ya uchunguzi iitwe tena na kwamba Mkurugenzi asikae ndani yake, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mjumbe wa shauri linalomhusu. Nadai kifaa chenyewe kiwekwe mezani, kamba iloweshwe, na mzigo ufungwe, kisha wajumbe watazame kwa macho yao kinachotokea kwenye taya zilizosagwa. Nadai Fundi Likwata asikilizwe, na asiguswe kazini kwa alichokisema au atakachokisema. Nadai vifaa vyote vya buluu viondolewe vyomboni mara moja, kabla kimoja hakijaachia mzigo juu ya mtu asiyevuta sigara.

Na Mkurugenzi nadai asimame mbele ya kamati hiyo, Shaweji akiwapo na nahodha wake akiwapo, aulizwe swali moja: ni nani aliyeamuru meno yasagwe? Ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Jibu lake liandikwe mahali pa ile sentensi ya udhaifu wa mkono, na Shaweji arudishiwe cheti chake kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kutoka chumbani.